Mama Uzi na Wale Ishirini na Watatu

Huyu tunayemzika leo wengi wenu mlimwita Mama Uzi. Wachache mlimwita majina mengine mkidhani hasikii. Alisikia, na mengine aliyaandika.

Marehemu aliacha karatasi moja, imekunjwa mara nne ndani ya daftari lake la kazi, yenye maagizo kuhusu wasifu huu. Usipambwe. Kazi yake isitafutiwe jina la kupendeza. Na mambo matatu yasirukwe: panya, mwaka 2003, na kile alichotaka afanyiwe kichwani baada ya kufa. Kamati ya mazishi, ikiongozwa na baba mkubwa wa watoto wake, ilifanya vikao viwili na kupendekeza, kwa heshima zote, kwamba mambo hayo matatu yarukwe. Baba mkubwa alisema watu wanakuja msibani kufarijiwa, hawaji kusikiliza habari za panya. Mume wa marehemu, ambaye kwa kawaida hutumia maneno kama mtu anayetumia maji ya mgao, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Basi msisome chochote," alisema. "Tukae kimya nusu saa, kila mtu amfikirie yeye na panya wake."

Kamati ikaona ni afadhali usomwe. Unasomwa wote.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa tatu kati ya watano wa baba fundi cherehani na mama mkunga. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, na cha mbele kilikuwa mali ya cherehani, meza ya kukatia na kioo kilichopasuka katikati, ambamo wateja walijitazama nusu nusu na kuridhika. Macho ya baba yalikuwa yameanza kuchoka, jambo ambalo baba hakulikubali hadi anakufa. Kwa hiyo tangu umri wa miaka mitano kazi ya kutunga uzi kwenye sindano ilikuwa ya marehemu, na maelezo rasmi kwa wateja yalikuwa kwamba mtoto anajifunza. Alipofika miaka saba aliweza kuitunga macho yamefumbwa. Baba alipenda kumwonyesha akifanya hivyo mbele ya watu waliokuja kuulizia nguo ambazo hazijaanza kushonwa.

Alianza shule ya msingi Januari 1965 na kumaliza sekondari Novemba 1975. Alifaulu biolojia vizuri sana. Katika ushonaji alianguka, kwa sababu alimwambia mwalimu mbele ya darasa kwamba pindo alilolishona yeye mwalimu kama mfano limepinda. Lilikuwa limepinda. Wenzake wa darasani, na wawili wamo humu, wanakumbuka zaidi siku ya chura. Darasa lilipewa chura wa kupasua ili kuona moyo na mapafu. Somo lilipoisha, watoto walitupa vyura kwenye ndoo na kukimbilia nje. Mwalimu alirudi kuchukua miwani yake akamkuta marehemu peke yake, ameinama, anamshona chura wake tumbo kwa uzi mweupe, mishono midogo, iliyolingana. Mwalimu alimuuliza anafanya nini, maana chura amekwisha kufa.

"Tumemfungua sisi," alijibu. "Sisi ndio tumfunge."

Mwalimu aliona huo ni ukaidi, akamwandikia mzazi barua. Baba aliisoma, au alisomewa, akauliza mishono ilikuwa mingapi.

Tarehe 2 Februari 1981 aliajiriwa kuosha vizimba katika maabara ya chuo cha udaktari. Maabara ilikuwa chini ya jengo kuu, mwisho wa korido yenye mabomba ya maji ya moto darini, nyuma ya mlango wa chuma uliofungwa kwa kusukumwa na bega. Alikaa kwenye vizimba miaka kumi. Alijua panya yupi huuma akishtuliwa, yupi hajala tangu jana, na ni daktari gani anayewashika kama mtu anayeokota soksi. Hakuulizwa maoni yake. Aliyatoa hivyo hivyo.

Huko ndiko alikokutana na mumewe, fundi bomba, aliyeitwa kurekebisha sinki. Marehemu alisimama nyuma yake muda wote wa kazi na mwishoni akamwambia kwamba ule mpira wa kuzuia maji ameuweka kichwa chini. Fundi bomba akafungua, akatazama, akaugeuza, akafunga. Alirudi juma lililofuata kuangalia sinki ambalo halikuwa na tatizo, na juma la pili yake pia. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1985 na kujaliwa binti wawili na mwana mmoja. Baadaye, kazi ya mke ilipobadilika, mume alipenda kuwaeleza watu kwamba nyumba yao ina mafundi wawili wa mabomba, mmoja anazibua na mwingine anaziba.

Wifi yake, dada wa huyo mume, hakuifurahia ndoa. Alisema kaka yake ameoa mtu anayenuka panya. Marehemu alipomtembelea, wifi alivisuuza vikombe mara mbili, mara ya pili marehemu akiwa bado ameketi. Hali hiyo ilidumu miaka thelathini na tano. Wifi yuko hapa, safu ya mbele, na ndiye aliyesema sehemu hii isiondolewe.

Mwezi Mei 1991 Profesa wa maabara alirudi kutoka masomoni na upasuaji mpya. Kwa faida ya ndugu ambao miaka yote waliuliza Mama Uzi anafanya nini na hawakusubiri jibu, jibu ni hili. Mtu akipata kiharusi, mara nyingi ni mshipa umeziba, damu haifiki sehemu ya ubongo, na sehemu hiyo inaanza kufa dakika kwa dakika. Daktari hawezi kumziba binadamu mshipa makusudi ili aone nini kinaokoleka. Anamziba panya. Panya analazwa kwa dawa ya usingizi, shingo inafunguliwa, na uzi mwembamba wa nailoni, ulioviringishwa ncha kwa moto ukawa na kichwa kidogo, unapitishwa ndani ya mshipa wa shingo kwenda juu, milimita kumi na nane, kumi na tisa, mpaka ncha ikae pale mshipa wa ubongo unapogawanyika. Damu inakatika upande mmoja. Baada ya saa moja na nusu uzi unavutwa, damu inarudi, na panya anashonwa. Ukisukuma mno, unatoboa. Ukiacha mapema, hujaziba kitu. Kati ya hayo mawili pana nafasi ya kama unene wa ukucha, na anayekwambia umefika ni vidole vyako tu, kwa sababu uzi unagoma kidogo.

Profesa alijaribu kwa panya kumi na mmoja. Wote walikufa. Marehemu alikuwa amemshikia taa tangu wa kwanza. Kwa wa kumi na moja alimwambia, bila kuulizwa, kwamba anasukuma kama anayezibua choo. Profesa akamkabidhi koleo kwa hasira, akisema basi na afanye yeye. Wa kumi na mbili alifanya yeye. Aliamka, akazunguka kizimbani kwa kuelemea upande mmoja, kama kitabu kilivyosema, akanywa maji. Kuanzia siku hiyo msafisha vizimba alikaa mbele ya hadubini, na jina la Mama Uzi likampata. Cheo kilimfikia miaka sita baadaye, kwa kuwa hakikupata mtu wa kukileta.

Nyuzi alizitengeneza mwenyewe, moja moja. Panya aliwawekea chupa ya maji ya uvuguvugu ubavuni wasiamke na baridi, na dawa ya maumivu hakuiruka hata siku ambazo maelekezo yaliiruka. Kila panya aliandikwa: tarehe, uzito, uzi, ameamkaje. Waliokufa mikononi mwake aliwaandika pia, na kuandika sababu. Watafiti wengine waliona hao wa kufa wanaharibu jedwali. Yeye alisema jedwali ndilo linalowaharibu wao.

Sasa mwaka 2003. Chuo kiliomba, kwa barua yenye adabu, kwamba sehemu hii ifupishwe. Imefupishwa. Awali ilikuwa kurasa tisa.

Maabara ilipewa dawa ya kujaribu, ya kukinga ubongo baada ya kiharusi. Mwezi Mei marehemu alipasua panya wa kulinganishia, wale wasiopewa dawa, akitumia nyuzi zake za kawaida, na pembeni kukiwa na mashine ya kupima damu, ambayo kijiti chake hugandishwa kwenye fuvu kuonyesha kama kweli damu imekatika. Mwezi Juni mashine iliharibika, na bunda la nailoni likaisha. Likaletwa jingine. Profesa alisema wasisubiri fundi wa mashine, wawaanze panya wa dawa. Alimwambia mkono wake unatosha kuwa mashine.

Hapo marehemu alifanya kosa, na aliagiza litajwe kwa jina lake. Alifurahi. Miaka kumi na miwili hakuna aliyewahi kuusifu mkono wake kwa sauti, na siku uliposifiwa akauamini. Akapasua panya arobaini bila kipimo.

Matokeo yalikuwa ya ajabu. Panya wa dawa waliamka wakatembea wima kama watu waliotoka sokoni. Profesa alipiga simu huku na huku. Taarifa iliandikwa, ikapelekwa mkutanoni, na hospitali ya jirani ikaanza kuandaa orodha ya wagonjwa wa kiharusi ambao wangepewa dawa hiyo kwanza.

Tarehe 19 Agosti, akipitia daftari, marehemu aligundua kwamba panya wa thelathini na nane alikuwa hajachomwa sindano ya dawa. Alimsahau. Akaenda kizimbani kumtazama. Panya alikuwa anatembea wima, ananusa nyavu, mzima wa afya. Alikuwa amepona kwa dawa ambayo hakupewa.

Marehemu alikaa juu ya ndoo kwa muda. Kisha akachukua bunda jipya la nailoni na kuliweka chini ya hadubini karibu na kipande cha zamani. Uzi wake ulikuwa mwembamba kuliko ule wa zamani, kwa kiasi ambacho jicho peke yake haliwezi kuona. Uzi ulikuwa unafika, lakini hauzibi. Damu ilikuwa inapita pembeni. Alitoa mitungi ya bongo za wale thelathini na tisa wengine, zilizokwisha kutiwa rangi, akazitazama moja moja kwa siku mbili. Ishirini na wawili hawakuwa na kovu lolote; ukimjumlisha huyo wa thelathini na nane, ishirini na watatu. Hawakuwahi kupata kiharusi. Dawa ilikuwa imewaponya ugonjwa wasiougua. Aliandika kwa wino mwekundu: Uzi haukuziba. Kosa langu. Nilitakiwa kupima.

Akampelekea Profesa daftari. Profesa alisoma akiwa amesimama, kisha akasoma akiwa ameketi.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Panya," alisema marehemu.

Profesa alimweleza kwamba yeye ni fundi, si mtafiti, na kwamba kutafsiri matokeo si kazi yake. Alijibu kwamba ndiyo maana amezungumzia uzi tu. Aliletewa fomu ya kuthibitisha kuwa upasuaji wote ulikwenda sawasawa. Hakutia sahihi. Ililetwa tena na mkuu wa idara, tena na karani wake, na mara ya nne na mtu mwenye tai ambaye hakujitambulisha. Mumewe alimuuliza mezani kama yuko tayari kupoteza kazi kwa sababu ya panya. Alisema panya wamekwisha kufa, hawana shida. Shida yake ni yule mtu wa kwanza kwenye orodha ya hospitali, ambaye atapewa maji ya kunyunyizia bustani akiamini ni dawa, na watoto wake wamsubirie apone. Kisha akaandika barua ya ukurasa mmoja kwa kamati ya hospitali inayoidhinisha majaribio kwa binadamu, akaipeleka mwenyewe kwa miguu na kusubiri mpaka ikagongwa mhuri.

Jaribio lilirudiwa mahali pengine, kwa kipimo. Dawa haikufanya kazi yoyote. Orodha ya wagonjwa ikachanwa. Marehemu alihamishiwa stoo ya chupa, ambako alihesabu chupa kwa miaka mitatu, na stoo ile haijawahi kuwa na hesabu sahihi kama hiyo kabla wala baada. Mwaka 2006 alirudishwa kwenye hadubini bila barua, bila maelezo, kwa sababu panya wa waliomrithi walikuwa wanakufa. Alistaafu Machi 2018. Hakuna aliyewahi kumshukuru. Hao waliokuwa kwenye orodha hawakujua kwamba waliokolewa na chochote, na inawezekana mmoja wao yuko hapa leo, amekuja kwa ajili ya jirani tu. Karibu.

Nyumbani aliwachosha watu kwa somo moja. Kwenye kila sherehe na kila chai alirudia kwamba mtu akipinda mdomo ghafla, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, asipewe maji, asisuguliwe, asiombwe ajikaze. Jambo la kwanza mtazame saa, la pili hospitali. Wifi alisema amelisikia hilo mpaka linamtoka puani.

Tarehe 11 Februari 2021, asubuhi, wifi alikuwa amekuja kurudisha sufuria. Marehemu alikuwa anaosha vikombe. Kimoja kilianguka, kisha mkono wa kulia ukaning'inia kando ya sinki. Mumewe alikimbilia glasi ya maji. Wifi alimpiga mkononi, glasi ikaruka.

"Asinywe kitu," alisema wifi. "Saa mbili na dakika kumi. Lete gari."

Hospitalini daktari aliuliza ilianza lini, akitegemea kuambiwa tangu asubuhi. Wifi alimtajia saa, dakika, na kikombe. Daktari aliwaeleza baadaye kwamba wengi hawajui saa, na asiyejua saa hapewi dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Marehemu alipewa ndani ya saa mbili. Mdomo ulirudi, maneno yakarudi taratibu, mguu ukakubali. Mkono wa kulia, ule wa uzi, haukurudi. Maneno yake ya kwanza yaliyoeleweka yalimhusu wifi. Alisema, "Leo hukusuuza kikombe." Wifi alicheka mpaka muuguzi akamtoa nje.

Alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto na kuanza daftari la kumi na tisa, ambamo panya alikuwa yeye. Kwenye maabara panya aliyeamka hupewa alama: sifuri anatembea wima, moja hanyooshi mkono, mbili anazunguka, tatu anaangukia upande, nne hatembei. Alijipa alama kila siku, bila upendeleo. Siku mbaya moja imeandikwa hivi: Mbili. Nimemtukana daktari wa mazoezi, kwa hiyo akili ipo.

Mwaka 2022 Profesa, naye amestaafu, alikuja kumwona na mfuko wa machungwa. Walikaa barazani. Mwishowe Profesa alisema kwamba ile Agosti alijua ni kweli tangu alipofungua daftari. Marehemu alimmenyea chungwa kwa mkono mmoja, kazi iliyochukua muda mrefu na ambayo hakukubali kusaidiwa. Akampa. "Nilijua unajua," alisema. "Nilikuwa nasubiri uniambie." Profesa ameketi safu ya tatu, na alipoonyeshwa sehemu hii alisema isomwe.

Jumapili tarehe 29 Septemba 2024 alipata kiharusi cha pili, kikubwa, akiwa usingizini. Hakuna aliyeona saa. Alifariki hospitalini Alhamisi tarehe 3 Oktoba, saa kumi alasiri, mumewe amemshika mkono ule wa kulia.

Jambo la tatu. Miaka miwili kabla, marehemu alitia sahihi kwamba ubongo wake utolewe, utiwe rangi na utazamwe, ili waone kiharusi cha kwanza kiliua sehemu gani na dawa iliokoa kiasi gani. Baba mkubwa alipinga. Alisema mtu azikwe mzima. Ndugu wengine walimuunga mkono, na siku mbili nzima hakuna aliyejua itakuwaje. Aliyemaliza mjadala ni wifi. Alisimama, akafungua daftari la kumi na nane, la mwisho la panya, akasoma jumla iliyo nyuma ya jalada la mwisho: panya elfu saba mia tatu na kumi na wanane. Waliomfia mikononi, mia sita na wanne. Ambao uzi haukuziba, ishirini na watatu.

"Amewafungua wote hawa na hajamficha hata mmoja," alisema wifi. "Mnataka yeye ndiye afichwe?"

Kwa hiyo ubongo wa marehemu hauko kwenye jeneza hili. Uko kwenye mtungi wenye namba, na namba hiyo imeandikwa kwenye daftari la kumi na tisa, mstari unaofuata wa mwisho aliouandika yeye. Mstari wake wa mwisho ni wa Jumamosi tarehe 28: Moja. Nimetembea hadi getini. Nimerudi.

Ameacha mume, binti wawili, mwana mmoja, wajukuu wanne, wadogo zake wawili, wifi mmoja na madaftari kumi na tisa. Binti yake mkubwa, ambaye ni muuguzi, alikwenda chumba cha maiti kukagua walivyomfunga. Mishono ishirini na sita, midogo, iliyolingana, hakuna uliopinda.

Amefunguliwa, amehesabiwa, ameshonwa. Sasa apumzike.